Fundi Bomba wa Jengo la Zamani: Mlipe Kwanza Atazame



Mwaka 2018 nilisimama mlangoni mwa ghala la zamani la mbata pale Mlingotini, pamoja na mwenyekiti wa kamati ya ujenzi na fundi bomba tuliyeletewa na jamaa wa mmoja wa wajumbe. Fundi alitazama ndani kwa muda usiozidi dakika kumi, akahesabu kwa vidole mahali pa vyoo na mabafu, akatoa simu yake akapiga hesabu. "Milioni tatu na laki sita. Ufundi na vifaa, kila kitu." Kamati ilifurahi. Bei ilikuwa moja, inaeleweka, na inaingia kwenye fomu ya mfadhili bila usumbufu. Mimi nami nilifurahi, na saini yangu ipo kwenye karatasi ile hadi leo.

Ghala lile lilikuwa ligeuzwe hosteli ya wasichana 32 wa sekondari. Wasomaji wa Pwani wanajua kwa nini. Binti anayetoka mbali na shule hupanga chumba, yaani geto, na yanayompata huko hatuna haja ya kuyaeleza hapa. Kwa hiyo hosteli ilikuwa jambo la haraka, na haraka ile ndiyo iliyotufanya tusiulize maswali. Kazi ilikwisha kwa wiki tatu. Maji yalitoka, wageni walikuja, tukafanya ibada ya kuweka wakfu. Zilipofika mvua za masika, plasta ya ukuta wa mabafu ikavimba na kuanguka vipande vipande. Vyoo viwili vya mwisho vikaanza kurudisha maji machafu. Halafu katika wiki moja wasichana 9 waliharisha, tukalazimika kufunga hosteli na kuwarudisha wote makwao katikati ya muhula.

Tangu wakati huo kamati nyingi zimeniuliza swali moja: fundi bomba mzuri anapatikanaje? Swali ni zuri, lakini limekosa nusu yake. Kwa jengo jipya unaweza kumpa fundi ramani naye akakupa bei, kwa sababu kila kitu kinaonekana. Katika jengo la zamani, au jengo lililojengwa kwa kazi nyingine, kilicho muhimu kimefukiwa sakafuni na ukutani. Fundi anayekupa bei kamili kabla hajaona kilichofukiwa amefanya mojawapo ya mambo mawili: amekisia, au ameamua mapema kwamba kilichofukiwa hakimhusu. Sisi tulipata huyu wa pili.

Mzee aliyesema hajui bei

Baada ya hosteli kufungwa tulielekezwa kwa mzee mmoja wa Bagamoyo mjini, aliyekuwa amefanya kazi kwenye nyumba nyingi za mawe za Mji Mkongwe. Nilimwamkia, tukampeleka kwenye ghala, na mwenyekiti akamuuliza kazi yote itagharimu kiasi gani.

"Mwenyekiti, mimi bei siijui," alisema. "Nipeni siku mbili nitazame. Siku hizo mbili mtanilipa. Nikishatazama nitawaambia bei, na mkitaka mtafuteni mwingine aifanye."

Mjumbe mmoja alicheka, akaninong'oneza kwamba fundi asiyejua bei hajui kazi. Nilikuwa karibu kukubaliana naye. Tulimlipa shilingi 150,000 kwa siku mbili yeye na saidia fundi wake, na fedha hizo tulizichanga wenyewe, maana kwenye bajeti ya mradi hapakuwa na kifungu cha kutazama.

Nieleze alichokifanya kwa utaratibu, kwa sababu kamati yoyote inaweza kumwomba fundi wake afanye hivyo hivyo, na vifaa vyake havikuwa vya ajabu.

Kwanza alifunga koki zote za ndani, pamoja na ile inayoingiza maji kwenye simtanki, akatuita tutazame mita. Mshale mdogo ulikuwa unazunguka. Hakuna mtu aliyekuwa anatumia maji, lakini maji yalikuwa yanakwenda mahali. Jambo hili halihitaji fundi. Katibu wa usharika anaweza kulifanya leo jioni.

Pili alichukua bluu ya kufulia, akaiyeyusha kwenye ndoo, akaimwaga kwenye choo cha mwisho, kisha akaenda kusubiri kwenye chemba za nje. Kwenye chemba ya kwanza rangi ilichelewa mno, ikafika imepauka. Maana yake bomba lilikuwa linavuja njiani, chini ya sakafu. Alipotumia levo ya mpira wa maji kupima toka choo cha mwisho hadi kwenye karo, umbali wa mita 14, aliona mteremko wa sentimita 9 tu. Kanuni inayotumiwa na mafundi kwa bomba la inchi nne la maji machafu ni mteremko wa 1 kwa 40, yaani sentimita 2.5 kwa kila mita. Kwa mita 14 zilitakiwa sentimita 35. Uchafu usingeweza kwenda hata ungesukumwa.

Tatizo hili ni la maghala karibu yote. Ghala lina sakafu moja ya zege nene iliyolala sawasawa kutoka ukuta hadi ukuta, kwa sababu ilitengenezwa ipangwe magunia. Hakuna aliyefikiria kwamba siku moja maji machafu yatapita chini yake. Ukitaka choo katikati ya ghala una njia mbili tu: kutindua zege, au kuinua sakafu ya choo kwa ngazi. Mzee alipendekeza ya tatu, ambayo ni nafuu kuliko zote mbili, nayo ni kuhamisha vyoo vyote kwenye ukuta wa nje ulio karibu na karo. Vyumba vikabadilishana nafasi. Wazo hilo halikugharimu kitu, na yule wa kwanza asingeweza kulitoa kwa sababu alikuwa amekwisha kutaja bei.

Tatu, na hapa ndipo tuliponyamaza, alichimba pale maji yanapoingia kutoka bomba la mtaa. Fundi wa kwanza alikuwa ameweka mabomba mapya ya plastiki ndani, meupe na mazuri, lakini ameyaunganisha na bomba la zamani la chuma lililofukiwa tangu ghala lilipokuwa ghala. Mzee alikata kipande cha bomba hilo akanipa mkononi. Kwa nje lilikuwa la robo tatu inchi. Ndani kutu lilikuwa limejaa hata tundu lililobaki halikuzidi unene wa mrija wa soda. Na ubavuni lilikuwa na matundu. Bomba hilo lilipita chini ya ukuta wa karo, hatua mbili tu kutoka kwenye uchafu.

Nilimuuliza jinsi uchafu ulivyoweza kuingia ndani ya bomba wakati maji yanasukuma kwenda nje. Alinieleza, na maelezo yake nayakumbuka kila ninapoona bomba la kale. Bomba lenye maji yenye nguvu likitoboka hutoa maji nje. Lakini maji yetu ni ya zamu. Yakikatika, na watu wa bondeni wakaendelea kufungua koki zao, maji yaliyobaki hushuka na bomba huanza kuvuta. Tundu lile lile lililokuwa likimwaga maji sasa linanyonya chochote kilicholizunguka. Maji yakirudi, yanasukuma kile kilichonyonywa hadi kwenye simtanki. Katika mji ambao maji hayakatiki, bomba bovu linakula fedha. Kwetu linaweza kula watu.

(Inashangaza kidogo ukikumbuka kwamba mtambo wa Ruvu Chini, unaoweza kusafisha lita milioni 270 kwa siku na kulisha sehemu kubwa ya Dar es Salaam, uko wilayani Bagamoyo. Lakini kukaa karibu na chanzo si sawa na kuwa na maji usiku na mchana, na bomba la mwisho kabla ya simtanki lako ni lako wewe mwenyewe, si la DAWASA.)

Ukuta wa chokaa si ukuta wa tofali

Plasta ile iliyoanguka ilikuwa na sababu yake pia. Majengo ya zamani ya mwambao wetu, kuanzia magofu ya Kaole hadi nyumba za Mji Mkongwe wa Bagamoyo, yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta huo ni mnene lakini si mgumu. Hunyonya unyevu na kuutoa, yaani unapumua. Nyumba zenye paa la bapa au ghorofa hubebwa na boriti za mikoko zilizoingizwa ukutani. Sasa fundi aliyezoea tofali za saruji akifika hapo hufanya mambo mawili ya kawaida kwake: hutindua mfereji ukutani ili afiche bomba, kisha huziba kwa saruji. Kutindua kunalegeza mawe. Saruji inazuia unyevu usitoke. Kiungo kikivuja kidogo tu ndani ya ukuta, maji hubaki humo miezi mingi, chokaa inalainika, chumvi inatoka nje na kuisukuma plasta, na kama kuna boriti karibu, ncha yake inaoza bila mtu kujua mpaka siku dari inapolegea.

Kwa hiyo kwenye kuta za namna hiyo mabomba yapite juu ya ukuta, yashikwe kwa vibano, yaonekane. Najua wajumbe wengi hawapendi. Kwenye kikao chetu mama mmoja alisema hosteli itaonekana kama kiwanda. Ni kweli haipendezi sana. Lakini bomba linaloonekana likivuja saa nne asubuhi, saa nne na nusu mlezi wa wasichana ameona tone na kufunga koki.

Kwa wenye majengo ndani ya Mji Mkongwe kuna jambo la kuongeza. Eneo hilo lilitangazwa kuwa la hifadhi mwaka 1983 chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na tangu mwaka 2006 Tanzania imeliweka Bagamoyo kwenye orodha ya awali ya UNESCO ya maeneo yanayopendekezwa kuwa Urithi wa Dunia, kama sehemu ya njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Kabla fundi wako hajainua tindo, nenda ofisi ya Mambo ya Kale ukaeleze unachotaka kufanya. Wataalamu wa huko wameona mabomba mengi yaliyopitishwa vibaya, na ushauri wao unaweza kukuokoa.

Ghala letu la Mlingotini lilikuwa na tatizo jingine la mwambao. Kabla halijawa letu lilitunziwa mwani mkavu kwa miaka kadhaa. Mwani ni chumvi. Chumvi ilikuwa imeingia kwenye sakafu na sehemu ya chini ya kuta, na kila chuma kilichogusa hapo kilikuwa kinaliwa. Wengine wana maghala yaliyohifadhi mbolea au dawa za korosho. Mweleze fundi historia ya jengo. Uliza wazee wa kijiji, maana wao wanakumbuka kilichokuwa humo kuliko hati yoyote. Na kama paa ni la mabati ya zamani ya asbesto, fundi asilikate wala kulitoboa kwa msumeno ili apitishe bomba la hewa. Vumbi lake huingia mapafuni na halitoki. Apitishe bomba hilo nje ya ukuta.

Nyumba za ghorofa za mjini

Baadhi ya washarika wetu wanaishi Dar es Salaam, na wengine husimamia nyumba za ghorofa za Upanga, Kisutu na Kariakoo, hivyo niseme kidogo kuhusu hizo. Nyingi zilijengwa na watu binafsi kabla ya mwaka 1971, ulipotoka uamuzi wa Serikali wa kutaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya shilingi 100,000 na zaidi. Zikawa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 zikaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Zimepita mikononi mwa wapangaji wengi, na kila mpangaji alikuwa na fundi wake. Ndani ya ukuta mmoja unaweza kukuta chuma cha mwenye nyumba wa kwanza, PVC ya miaka ya themanini, na PPR ya juzi, vyote vimeungana kwa namna ambayo hakuna aliye hai anayeweza kuieleza.

Katika nyumba hizo swali la kwanza la fundi mzuri halihusu bomba lako. Atauliza koki kuu ya jengo iko wapi, nani ana ruhusa ya kuifunga, na wa ghorofa ya chini wameambiwa au bado. Bomba la kusimama, lile linalobeba uchafu wa ghorofa zote, si lako peke yako. Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo inatambua kwamba kuna sehemu za pamoja, na gharama zake ni za pamoja. Fundi akikata bomba hilo kwa ajili ya choo chako kimoja bila kuwaarifu wengine, maji ya ghorofa ya nne yatateremkia kwako, au yako kwa jirani. Na mvujo wa nyumba za ghorofa ni mwongo. Doa likitokea kwenye dari la ghorofa ya pili, kiungo kibovu kinaweza kuwa ghorofa ya nne upande wa pili wa korido. Anayekuja moja kwa moja na nyundo kwenye doa, mzuie kwanza.

Kumpata mwenyewe

Cheti ni mwanzo mzuri. Mafundi wa umri mkubwa watakuwa na vyeti vya majaribio ya ufundi vya Daraja la Tatu, la Pili au la Kwanza. Vijana wana vyeti vya VETA vya ngazi. VETA pia ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunza mtaani, kwa hiyo mtu kutokwenda chuo si sababu ya kumkataa. Ukikosa pa kuanzia, uliza chuo cha VETA cha Kibaha au cha Chang'ombe, au mafundi wa mamlaka ya maji wanaojua nani amefanya nini katika eneo lako. Kwa kazi kubwa inayohitaji kampuni, hakikisha imesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi kwa kazi za mabomba.

Hata hivyo cheti hakisemi kama mtu amewahi kuunganisha plastiki na chuma kilichooza. Mimi siku hizi ninaomba jambo moja: nionyeshe kazi uliyoifanya kwenye jengo la zamani, ambayo imepita masika mbili. Kazi ya mwezi uliopita haionyeshi kitu, kwa sababu hata kazi ya kulipua inang'aa mwezi wa kwanza. Tunakwenda kuiona, na tunazungumza na mwenye nyumba fundi akiwa hayupo. Kijana mmoja alinipeleka kwenye nyumba ya mteja wake aliyekuwa bado anamdai. Sijui alifikiri nini, lakini nilimpenda kwa ukweli wake, na kasoro yenyewe ilikuwa ndogo.

Mwulize pia maswali ambayo majibu yake unaweza kuyaelewa bila kuwa fundi. Maji yatafika kwenye bafu kwa nguvu kiasi gani? Simtanki lililo juu ya mnara wa mita 3 linatoa nguvu ndogo, maana kila mita 10 za kimo ndizo zinazofanya baa moja, na mita 3 hazifiki hata theluthi. Anayekuahidi mabafu ya kunyunyiza yenye nguvu bila kuinua tanki au kuweka pampu anakupendeza tu. Hewa ya mabomba machafu itatokea wapi? Koki za kufungia zitakuwa ngapi na wapi? Kwa hosteli tunataka kila safu ya vyoo iwe na koki yake, ili kimoja kikiharibika wasichana 32 wasikose maji.

Makubaliano na fedha

Andikeni. Hata ukurasa mmoja wa daftari unatosha. Tumegawa kazi zetu zote za majengo ya zamani sehemu mbili tangu mwaka 2019. Sehemu ya kwanza ni uchunguzi, inalipwa kwa siku, na mwisho wake fundi anatoa maelezo kwa maandishi pamoja na mchoro wa mkono. Sehemu ya pili ni kazi yenyewe, na bei yake inatolewa baada ya kamati kusoma maelezo. Fundi wa uchunguzi ana haki ya kuomba kazi ya pili lakini hana uhakika wa kuipata. Hii inamfanya asiwe na sababu ya kuficha wala ya kukuza.

Vifaa nunueni wenyewe, mkiongozana na fundi dukani, na mchukue risiti ya mashine ya EFD. Si kwamba mafundi wote ni wezi. Ila fundi anayepewa fedha za vifaa kwa jumla anapata faida kwa kununua bomba jembamba, na si haki kumweka mtu kwenye jaribu hilo. Ufundi lipeni kwa hatua: baada ya mabomba kupita na kabla hayajafukiwa, baada ya majaribio, na asilimia 10 ibaki hadi miezi mitatu iishe. Mweleze hilo siku ya kwanza, si siku ya mwisho.

Majaribio ni haya. Kabla ya kufukia, mabomba yajazwe maji, yafungwe, na geji isomwe jioni na asubuhi. Ikishuka, kuna mahali. Mabomba machafu yajazwe maji na kuzibwa, yatazamwe kila kiungo. Tena pigeni picha za kila mfereji ukiwa wazi, pamoja na futi ya kupimia ikionekana. Baada ya kazi, simtanki na mabomba yasafishwe kwa klorini: kwa tanki la lita 1,000, gramu 75 hivi za klorini ya unga yenye nguvu ya asilimia 65 hadi 70, ifunguliwe ifike kwenye kila koki, ilale usiku kucha, kisha imwagwe yote kabla mtu hajanywa. Sisi mara ya kwanza hatukufanya hata moja kati ya haya.

Kwa wafadhili wetu

Hapa naomba mnivumilie. Mjumbe mmoja wa kamati yetu alinikumbusha Luka 14, habari za mtu anayetaka kujenga mnara ambaye hukaa kwanza akahesabu gharama. Alitumia maneno hayo kutetea bei moja kamili ya siku ya kwanza. Lakini mtu yule anahesabu kitu anachokijua. Fomu nyingi za maombi, pamoja na zile tulizokuwa tukizitumia sisi wenyewe dayosisini, zinataka kiasi kamili cha "mabomba na maji taka" kabla jengo halijafunguliwa. Kamati ya usharika haina njia ila kumtafuta mtu atakayeitamka namba. Na mtu atakayeitamka kwa haraka zaidi ndiye tusiyemtaka.

Hesabu ya Mlingotini ilikuwa hivi. Kazi ya kwanza shilingi 3,600,000. Uchunguzi wa mzee 150,000. Kazi ya pili, iliyohusisha bomba jipya la kuingiza maji mbali na karo, kuhamisha vyoo, kubomoa plasta ya saruji na kupiga ya chokaa, 7,950,000. Katika ile ya kwanza tuliokoa masinki, vyoo na simtanki, vyenye thamani ya kama 1,100,000. Mengine yalikuwa hasara. Mzee alikadiria kwamba kama angeanza yeye, kazi yote ingekuwa kama milioni nane. Usharika rafiki wa Ujerumani uliotusaidia ulipopata taarifa yetu uliuliza kwa nini gharama ilizidi maradufu, na jibu la kweli lilikuwa gumu kuandika: kwamba namba ya kwanza haikuwa gharama ya kitu chochote. Walituelewa. Mmoja wao alisema anaishi kwenye kiwanda cha zamani kilichogeuzwa nyumba huko Berlin, na fundi wake alikuja mara mbili kabla ya kusema bei.

Wasichana walirudi Januari 2020. Mabomba yanaonekana ukutani, yamepakwa rangi ya buluu kwa maji safi na kijivu kwa machafu. Mchoro wa mzee, uliochorwa kwa kalamu nyuma ya karatasi ya kalenda, umewekwa kwenye fremu ofisini kwa mlezi, na fundi yeyote anayeitwa huoneshwa kwanza mchoro huo kabla ya kuoneshwa kasoro.

Kwenye fomu ya maombi ya miradi ya dayosisi tumeongeza kifungu cha 4(b), "Uchunguzi wa jengo", pamoja na kifungu cha dharura cha asilimia 15 kwa majengo yasiyo mapya. Kamati ambazo zina majengo ya namna hii na hazijaanza kazi zinaweza kuomba fedha za uchunguzi pekee, kwa barua yenye sahihi ya mwenyekiti na mchungaji, bila kusubiri ombi kamili. Anayetaka nakala ya mkataba wa ukurasa mmoja tunaoutumia aiombe kupitia ofisi ya jimbo.